Mpinzani Akishanadi: Useme Moja au Uruke Mbili?

Katika karata za briji, vita huanza kabla karata ya kwanza haijatupwa mezani. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi huketi wakitazamana. Kila mmoja hupewa karata 13, kisha hufanyika mnada: mchezaji hutaja duru ambazo yeye na mwenziwe wataweza kushinda, na turufu wanayoitaka. Atajaye "moja" ameahidi duru 7. Atajaye "mbili" ameahidi 8. Pau ndiyo ya chini, hufuata uru, kopa na shupaza, na juu ya zote ni kucheza bila turufu. Mnada ni njia halali ya wenzi kuelezana walichonacho. Kukonyezana ni wizi.

Ndugu msomaji anayejifunza mchezo huu hatakawia kukutana na swali lifuatalo. Mpinzani aliye kuliani kwako ametamka "uru moja", nawe umejaliwa shupaza nyingi. Je, useme "shupaza moja", au uruke ngazi nzima na kusema "shupaza mbili"? Mgeni wa mchezo hudhani kuwa anayeruka ndiye mwenye karata nzito. Kwa wachezaji wengi wa siku hizi, mambo ni kinyume.

Tutumie hesabu ya kawaida: ree ni alama 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Tuseme umeshika shupaza ree, mfalme, 10, 8 na 4. Kopa ree na 7. Uru 9, 5 na 3. Pau malkia, 6 na 4. Hizo ni alama 13, na nguvu zake zimesambaa. Sema "shupaza moja" kwa utulivu. Tamko hilo humwambia mwenzio kwamba una shupaza 5 au zaidi zilizo nzuri, na alama kati ya 8 na 16 hivi. Huenda mchezo ni wenu, kwa hiyo mwachie nafasi ya kusema naye. (Mwenye alama nyingi kuliko hizo kwa kawaida huanza kwa kutamka "dabo".)

Sasa chukua mkono mwingine: shupaza mfalme, malkia, ghulamu, 10, 7 na 4, kopa 8 na 3, uru 7 na 5, pau 9, 6 na 2. Alama ni 6 tu. Shupaza ikiwa turufu, mkono huu una duru 5. Ikiwa turufu ni nyingine, huenda usipate hata moja. Hapa ndipo pa kuruka. "Shupaza moja" ingemnyima mpinzani wa kushotoni tamko moja tu, yaani "kopa moja". "Shupaza mbili" humnyima sita, kuanzia "kopa moja" hadi "kopa mbili". Mwenye kopa zake sasa hana budi kupanda hadi ngazi ya tatu, hali hajui mwenziwe ana nini. Wapinzani hukosea kwa kunyimwa nafasi ya kuzungumza.

Lakini nafasi hiyo hununuliwa, na bei yake yafaa kujulikana. Umeahidi duru 8, nawe una 5. Mwenzio akiwa mikono mitupu na wapinzani wakatia dabo, mtapungukiwa duru 3. Ikiwa upande wenu hauko katika hali ya hatari, adhabu ni pointi 500; mkiwa katika hali hiyo ni 800. Wapinzani nao wangetimiza "kopa nne" wangepata 420 katika mashindano, au 620 wakiwa wao ndio walio hatarini. Basi 500 dhidi ya 620 ni biashara. 800 ni hasara tupu, na mwenzio ana haki ya kununa.

Idadi ya shupaza peke yake haitoshi. Mwenye shupaza malkia, 8, 6, 5, 3 na 2. Kopa mfalme na 4. Uru ghulamu, 7 na 2. Pau malkia na 9 ana alama 8, zaidi ya yule wa pili. Hata hivyo afadhali akae kimya. Shupaza zake ni dhaifu, na alama zake nyingi ziko nje, mahali ambapo zingefaa zaidi kuwazuia wapinzani kuliko kutimiza ahadi.

Kuruka kwa udhaifu hakukuwapo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1930, enzi ya Ely Culbertson, aliyeruka alitangaza nguvu kubwa. Wamarekani Alvin Roth na Tobias Stone ni miongoni mwa walioueneza mtindo wa udhaifu katika miaka ya 1950, na Waingereza wengi waliendelea kuruka wakiwa na nguvu za kati. Mitindo yote mitatu ingali na wafuasi. Ukiketi na mwenzi mgeni, muulize mapema anaruka kwa nguvu au kwa udhaifu. Jibu lake si siri yenu wawili: kwa sheria za briji, mpinzani akiuliza maana ya tamko hilo, sharti aelezwe.