Choo cha Sungura wa Nyumbani: Kuchagua Trei Inayofaa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa kwamba sungura afugwaye, ambaye kisayansi huitwa Oryctolagus cuniculus, asili yake ni Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, pamoja na kusini mwa Ufaransa, na kwamba wazazi wake wa porini huishi kwa makundi katika mashimo yenye njia nyingi chini ya ardhi. Mnyama aishiye hivyo hujitengea mahali maalumu pa kwenda haja, kwa kuwa lundo la kinyesi, likiwa limebeba harufu ya tezi zilizo karibu na njia ya haja kubwa, huwajulisha sungura wageni kwamba eneo hilo lina wenyewe. Tabia hiyo, ambayo sungura wa mbugani wa Afrika Mashariki wa jenasi ya Lepus hawanayo kwa namna hiyo kwa sababu hawachimbi mashimo ya kuishi pamoja, ndiyo inayomwezesha mfugaji kumzoesha sungura wa ndani kutumia trei, yaani chombo kipana kisicho na kina kirefu kinachowekwa matandiko ya kunyonya mkojo. Kwa hiyo, sungura aliyehasiwa na mwenye afya anapoiacha trei na kuchafua sakafu, inafaa trei yenyewe ichunguzwe kabla ya kumhukumu mnyama kuwa hafundishiki.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni ukubwa wa chombo. Paka huingia chooni, akajisaidia, akafukia na kutoka, lakini sungura hukaa humo kwa muda mrefu, akitafuna nyasi kavu huku akitoa punje za kinyesi, na mara nyingine hujilaza palepale. Trei yake basi ni choo na meza ya chakula kwa pamoja. Mfugaji ampime sungura aliyejinyoosha kuanzia puani hadi mwanzo wa mkia, kisha atafute trei ambayo urefu wake haupungui mara moja na nusu ya kipimo hicho, na upana wake unamruhusu kugeuka bila kugusa kuta. Sungura mdogo wa kilo 1 au 2 huweza kutosheka na trei ya kawaida ya paka, ilhali New Zealand mweupe, ambaye ni miongoni mwa mbegu zinazofugwa sana Kenya na Tanzania na ambaye hufikia kilo 4 hadi 5, anahitaji chombo cha takribani sentimita 60 kwa 45. Vile vitrei vya pembe tatu vinavyouzwa madukani kwa ajili ya kuwekwa kwenye kona havifai hata kidogo, kwani sungura mkubwa huweza kuingiza nusu tu ya mwili wake, na nusu inayobaki nje ndiyo inayochafua sakafu. Wanaoishi wawili hupenda kukaa pamoja ndani ya trei, hivyo chombo chao kiwe kipana zaidi.

Kuta nazo zina hesabu yake. Sungura anapokojoa hurudi nyuma hadi kwenye kona na kuinua makalio, na mkojo hupita juu ya ukuta mfupi. Kwa sababu hiyo ukuta wa nyuma ufike sentimita 20 au zaidi, huku upande wa kuingilia ukiwa chini ya sentimita 10, na chini zaidi ya hapo kwa sungura mchanga au mzee mwenye maumivu ya viungo. Asiyepata trei ya namna hiyo anaweza kutumia beseni la plastiki la pembe nne au kreti isiyo na matundu, akikata mlango upande mmoja na kulainisha kingo kwa msasa, maana sungura hutafuna kila ukingo anaoufikia. Dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni, ambalo wengi hulikimbilia, ni jembamba mno kwa sungura mkubwa. Plastiki ngumu hushinda bati, ambalo hushika kutu, na mbao, ambazo hunyonya mkojo na kubaki na harufu. Wavu wa waya usiwekwe mahali pa kukanyaga, kwa kuwa nyayo za sungura hazina vifumba vya ngozi nene kama za paka, bali hukingwa na manyoya tu, na waya huzichubua hata zikapata vidonda vigumu kupona.

Matandiko huamua kama trei nzuri itakuwa salama. Mchanga wa paka unaogandamana unapolowa ni wa kuepukwa kabisa, kwa sababu sungura huonja anachokalia, hawezi kutapika, na udongo uliovimba huweza kuziba utumbo wake. Maranda yanayopatikana katika viwanda vya mbao, ambayo wafuga kuku wameyazoea, mara nyingi hutokana na misonobari, nayo yakiwa mabichi hutoa mvuke wa fenoli, yaani kemikali za utomvu zinazolisumbua ini. Vumbi laini la mbao huathiri pua na mapafu. Kilicho salama ni karatasi za gazeti zilizochanwa au mabua makavu, na juu yake au kwenye kihori kilicho karibu nyasi kavu safi, kama zile za Rhodes zinazouzwa kwa wafuga ng'ombe.

Usafi wa kila siku una sababu mbili. Bakteria huuvunja mkojo na kutoa amonia, gesi kali ambayo huudhi njia ya hewa na kufungulia mlango maambukizi ya pua. Tena, vimelea vya koksidia vinavyotoka na kinyesi huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, hivyo trei inayosafishwa kila siku huukata mzunguko huo. Ukoko mweupe unaobaki ni chokaa, kwani sungura hutoa ziada ya kalsiamu kwa njia ya mkojo, na siki huuyeyusha. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, wala klorini isimiminwe juu ya mkojo, kwa maana michanganyiko yote miwili hutoa gesi ya sumu.

Mwisho, rangi ya trei si jambo la urembo. Chombo cheupe humwonyesha mfugaji wingi na ukubwa wa punje, na mkojo mwekundu-kahawia, ambao mara nyingi ni rangi ya mimea iliyoliwa, hutofautishwa kwa urahisi zaidi na matone ya damu. Trei ikikutwa bila punje hata moja kwa saa 12, na sungura amekataa nyasi, utumbo wake huenda umesimama, na inapasa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.