Kabla ya kununua X-Trail kuukuu, chunguza oili, joto na giaboksi

WAKAZI wengi wa Karagita, mtaa ulioko kando ya barabara ya Moi South Lake mjini Naivasha, hupata riziki katika mashamba ya maua yanayolizunguka ziwa. Mmoja wao anapofanikiwa kuweka akiba katika chama cha ushirika na kuomba mkopo wa kununua gari lake la kwanza, mara nyingi huvutiwa na gari dogo lililoinuka juu, la aina inayojulikana kama SUV, ambalo limetumika kwa miaka mingi.

Sababu zake si ngumu kueleweka. Vichochoro vya mtaa hujaa vumbi wakati wa kiangazi na kugeuka tope mvua ya masika inapoanza. Gari la aina hiyo hupita pasipopitika kwa gari la chini, hubeba familia, hupeleka magunia ya mboga sokoni Naivasha na hata kuwachukua wageni wanaozuru mbuga ya Hell's Gate.

Miongoni mwa magari hayo, Nissan X-Trail ya kizazi cha kwanza ni maarufu mno nchini. Ina nafasi ya kutosha, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi na bei yake imeshuka kadiri umri ulivyosonga. Hata hivyo, bei hiyo ya chini inaweza kuwa mtego. Mkopo hulipwa kila mwezi hata gari likiwa limeegeshwa kwa fundi bila injini. Yafaa basi mnunuzi afahamu mapema udhaifu wa gari hili na jinsi ya kuugundua.

Umri wake

Toleo hilo, ambalo mafundi hulitambua kwa jina la T30, lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2000. Nafasi yake ilichukuliwa na T31 mnamo 2007. T30 hutambulika upesi kwa kuwa saa za mwendo na za mafuta zimewekwa katikati ya dashibodi badala ya kuwa mbele ya dereva.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba T30 yoyote iliyo sokoni leo imekuwa katika barabara zetu kwa takriban mwongo mmoja au zaidi. Muuzaji anayedai kwamba gari lake limetoka bandarini Mombasa juzi hasemi kweli.

Ni kweli kwamba Japani hukagua magari kwa ukali. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya Wajapani wengi kuyauza magari yao mapema. Lakini sifa hiyo ya zamani haimsaidii mnunuzi wa leo. Swali la maana ni nani aliyelitunza gari hilo hapa Kenya, na alibadilisha oili mara ngapi.

Injini inayokula oili

T30 nyingi zina injini ya lita 2.0 iitwayo QR20DE, au ya lita 2.5 iitwayo QR25DE. Injini hizi zina nguvu za kutosha, ila zina tabia moja inayojulikana sana: zinapozeeka huanza kuchoma oili pasipo kuonekana tone lolote chini ya gari.

Kasoro hii huzaa nyingine. Oili inayochomwa huingia katika kisafisha moshi, kile ambacho mafundi hukiita katalisti, kilicho karibu sana na injini. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo. Kauri hiyo ikipata joto kupita kiasi huvunjika na kuwa unga, na baadhi ya unga huo unaweza kuvutwa nyuma hadi ndani ya silinda. Hapo huzikwaruza kuta za silinda, na injini ikazidi kula oili.

Upande mwingine, injini za QR hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Wapo wanaoamini kwamba mnyororo hudumu milele. Sivyo. Kinachoukaza mnyororo huo hutegemea shinikizo la oili. Oili ikipungua au ikichafuka, mnyororo hulegea na kurefuka, na mpangilio wa injini huvurugika.

Aidha, vihisi viwili vinavyoieleza kompyuta ya gari mahali injini ilipofika katika mzunguko wake vina sifa ya kuharibika. Kimoja kikishindwa, gari huzima ghafla safarini au hukataa kuwaka likiwa na joto. Habari njema ni kwamba kubadilisha kihisi ni kazi ndogo. Habari mbaya ni kwamba fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu anaweza kumuuzia mwenye gari pampu ya mafuta, plagi na koili kabla ya kufika kwenye kihisi chenyewe.

Kinga ni rahisi na ya bei nafuu: mwenye gari atazame kijiti cha kupimia oili kila wiki, na abadilishe oili kila baada ya kilomita 5,000.

Joto na miinuko

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, maji yaliyo wazi huchemka yakifikia nyuzi 94 hivi, wala si 100. Injini huepuka tatizo hilo kwa sababu kifuniko cha rejeta huyazuia maji kwa shinikizo, na dawa ya rejeta huinua kiwango cha kuchemka. Kifuniko kikilegea na dereva akijaza maji ya bomba matupu, kinga hiyo hupotea.

Matokeo yake huonekana safarini. Barabara ya Moi South Lake haina miinuko mikubwa na gari bovu linaweza kupita humo kwa miezi bila kulalamika. Likielekezwa Nairobi kupitia Karai na Kinungi, au likianza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, mshale wa joto hupanda nalo. Injini iliyochemka mara moja au mbili huharibu gasketi ya kichwa, na hapo gharama huwa kubwa.

Kuna pia desturi mbaya katika baadhi ya gereji ya kuondoa themostati gari linapopata joto jingi. Jambo hilo huficha ugonjwa badala ya kuuponya. Injini hukaa baridi muda mrefu asubuhi, hunywa mafuta zaidi na huchakaa upesi, ilhali rejeta iliyoziba au feni iliyokufa ingali pale pale.

Tusisahau vumbi. Udongo wa sehemu hii, chini ya Mlima Longonot, una majivu laini ya volkano. Kichujio cha hewa huziba haraka kuliko vitabu vya gari vinavyokadiria. Kukitazama kila mwezi hakugharimu chochote.

Giaboksi na magurudumu

Giaboksi ya kujiendesha ya T30 ina gia nne za kawaida na huvumilia ikiwa oili yake hubadilishwa. Walioongeza pesa kidogo na kununua T31 wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Nyingi kati ya hizo hutumia giaboksi iitwayo CVT, isiyo na gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya kapi mbili zinazobadilisha upana. CVT huchukia joto na huhitaji oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya giaboksi ya kawaida huanza kutetemeka, kuvuma na hatimaye kukataa kuvuta mlimani.

Katika magari yenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, yafaa magurudumu yawe ya ukubwa mmoja na yawe yamechakaa kwa kiwango sawa. Yakitofautiana, kiungo kinachopeleka nguvu nyuma hufanya kazi wakati wote na kupata joto. Bushi na shoki nazo huchakaa upesi katika njia za mawe. Hizi si kasoro za kuogopesha, mradi bei yao ihesabiwe katika mapatano.

Je, majina mengine ni salama?

Wengine hukimbilia majina mengine wakidhani wameepuka balaa. Kila gari la umri huu lina donda lake. Toyota RAV4 ya 2000 hadi 2005 yenye injini ya D-4 huhitaji mafuta safi, kwani pampu yake ya shinikizo kubwa haivumilii uchafu, na njia zake za hewa huziba kwa masizi. Honda CR-V ya kizazi cha pili huanza kuguna nyuma wakati wa kukata kona ikiwa difu haikubadilishiwa oili yake maalumu. Subaru Forester ya kizazi cha pili hutumia mkanda wa taimingi, ambao usipobadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi unaweza kukatika na kuiharibu injini. Zile za lita 2.5 zinajulikana pia kwa kuvuja gasketi za kichwa.

Kwa hivyo, gari lililotunzwa la jina linalodharauliwa ni bora kuliko gari lililotupwa la jina linalosifiwa.

Jinsi ya kukagua

Mnunuzi amfikie muuzaji alfajiri na amwombe mapema asiliwashe gari. Aguse injini kwanza. Ikiwa ina joto, kuna kinachofichwa. Apime oili, kisha afungue rejeta ingali baridi na kutazama kama maji yana kutu au mafuta.

Anapolifungua swichi, taa ya injini kwenye dashibodi sharti iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili kuficha hitilafu. Sauti ya mnyororo inayoendelea baada ya sekunde chache ni dalili mbaya. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto huashiria maji yanayoingia katika silinda.

Baada ya hapo, gari lipelekwe mlimani likiwa na watu wanne ndani, si kuzungushwa mtaani tu. Fundi asiyefahamiana na muuzaji alisome kwa kompyuta na kulala chini yake. Vibao vya mbele juu ya magurudumu ya T30 ni vya plastiki, hivyo havishiki kutu; kutu itafutwe chini, hasa kwa magari yaliyotoka sehemu za Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji.

Mazulia pia yainuliwe. Ziwa Naivasha lilifurika na kuingia katika makazi kama Kihoto mwaka 2020 na tena 2025, na mafuriko ya 2024 yaliathiri sehemu nyingi za nchi. Harufu ya uvundo, tope chini ya zulia na kutu kwenye reli za viti huonyesha gari lililowahi kuzama, na nyaya zake zitasumbua kwa miaka.

Mwisho, rekodi ya umiliki itafutwe kupitia mamlaka ya NTSA kabla ya shilingi yoyote kutolewa. Jina la benki au la mkopeshaji likionekana kando ya la muuzaji, deni hilo sharti liondolewe kwanza.

Mwenye shilingi za kununulia gari tu, pasipo akiba ya kulitengeneza, bado hajawa tayari kulinunua. Ni heri atenge angalau robo ya bei kwa ajili ya oili zote, rejeta, magurudumu na bushi katika miezi ya kwanza. X-Trail kuukuu iliyopata huduma hiyo mapema inaweza kumhudumia mwenyewe kwa miaka mingi. Iliyonyimwa itamrudisha mkopaji kwenye foleni ya bodaboda, naye angali analipa deni. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.