Napoleon Dynamite: Nani Anachekwa? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Jared Hess na mkewe Jerusha walivyoitengeneza Napoleon Dynamite katika mji wa Preston, jimbo la Idaho, Marekani: kwa bajeti ya takriban dola 400,000, na mwigizaji mkuu, Jon Heder, akalipwa dola 1,000 mwanzoni. Ilionyeshwa Sundance Januari 2004, kisha ikaingiza zaidi ya dola milioni 40. Wapo wanaosema fedha hizo zilitoka kwa watu wa mjini waliokwenda kuwacheka washamba: kijana mwenye nywele za matimutimu, kaka yake, Kip, aliyevuka miaka thelathini na bado anashinda kwenye kompyuta, na mjomba ambaye akili yake imebaki mwaka 1982. Mimi naona kinyume.

Chukua tukio la mashindano ya kuonja maziwa. Napoleon anapewa glasi na kutakiwa kutaja kasoro. Haya yana jiki, anasema. Haya, ng'ombe aliingia shamba la vitunguu. Majaji wanakubali. Mfugaji yeyote anajua kwamba maziwa hubeba harufu ya malisho, kwa hiyo kijana huyu ana ujuzi wa kweli, ila ujuzi wenyewe hauna soko kwenye korido za shule. Tunacheka, lakini filamu imempa ushindi. Kamera nayo imetulia tu mbele yake, haimsogelei kumhurumia wala haitafuti uso wa mtu mwingine anayemcheka ili nasi tujue la kufanya.

Linganisha na vichekesho vya kawaida vya shule za Marekani, ambamo msichana huvuliwa miwani, akapambwa, ghafla wote wakamwona mrembo. Hapa hakuna anayefanyiwa ukarabati. Napoleon anapocheza wimbo wa Jamiroquai jukwaani ili rafiki yake Pedro ashinde urais wa wanafunzi, amevaa viatu vilevile na macho yake yamesinzia vilevile. Kinachobadilika ni ukumbi.

Watetezi wengine hutaja azimio la Bunge la Idaho la mwaka 2005 lililowasifu akina Hess. Ushahidi huo siutegemei sana. Mwanasiasa husifu chochote kinacholeta wageni. Wenye uzito ni wa Netflix, iliyotangaza mwaka 2006 zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha programu yao ya kukisia filamu ambazo mteja atazipenda. Filamu hii iliwatoa jasho washindani, kwa kuwa watu wenye ladha zinazofanana waliipa alama za juu kabisa au za chini kabisa. Dhihaka ya wazi isingewagawa hivyo, kwani humwonyesha mtazamaji upande wa kusimama. Hii inamwachia aamue mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi linahusu wahusika wasio Wazungu. Pedro mwenyewe amechorwa vizuri: ananyoa kichwa kwa sababu tu anahisi joto, na uzito wa sauti yake katika kueleza hilo unamtosha. Binamu zake, hata hivyo, ni gari na vitisho tu, na LaFawnduh, mwanamke anayekuja kutoka Detroit kwa ajili ya Kip, amewekwa hasa ili Kip avae minyororo ya dhahabu. Hao filamu haikuwapa maziwa yao ya kuonja, na hapo wakosoaji wako sahihi.