Hornero na Majirani Zake wa Pampa

Kwenye nyanda za Pampa, zinazoenea Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, mawe ni adimu na miti ya kujengea ni haba. Udongo upo tele, nyasi zipo, na samadi haikosekani. Gaucho, wachunga ng'ombe wa huko ambao zamani walikuwa hawashuki farasini isipokuwa kulala, walijenga kwa kilichokuwepo. Farasi majike walizungushwa ndani ya shimo la tope hadi kwato zikalilainisha, kisha likachanganywa na majani makavu na samadi, likafyatuliwa matofali au likakandikwa ukutani. Na juu ya nguzo ya ua wa nyumba hiyohiyo, ndege mmoja wa rangi ya kutu alikuwa akijenga yake kwa tope hilohilo na majani yaleyale. Ujirani huo ndio uliozaa mila nyingi za watu wa Pampa kuhusu ndege huyu.

Kihispania humwita hornero, kwa kuwa kiota chake kina umbo la tanuri la udongo la kuokea mikate ambalo halikosekani uani mashambani huko. Wabrazili wamempa jina la mtu kabisa: João-de-barro, João wa udongo. Ana uzito wa gramu 50 hivi, naye na mwenzake hujenga kiota kinachoweza kufika kilo 4. Dume na jike hushirikiana, wakibeba tope kwa mdomo, donge baada ya donge. Ukikichungulia kiota hicho huoni mayai. Mlango unaingia ukumbini, kisha ukuta wa ndani unapinda kukificha chumba chenyewe, hata mkono wa mtoto mtundu unaishia njiani.

Wazee wa mashambani husema hornero hagusi udongo siku ya Jumapili. Ni Mkatoliki safi, huitunza siku ya Bwana kuliko wakulima wengine. Imani hii imekaa vizazi na vizazi, na ni rahisi kuona ilikotokea, maana hornero hufuata mvua: tope likikauka kazi husimama, iwe Jumatatu au Ijumaa, na mtu aliyekuwa na nafasi ya kumtazama mara nyingi alikuwa ni yule aliyepumzika Jumapili. Ikinyesha Jumamosi usiku, asubuhi yake utamkuta kazini na tope mdomoni.

Husemwa pia kwamba nyumba yenye kiota cha hornero haipigwi na radi, na kwamba kukivunja ni kujitafutia mkosi. Hizi mimi sina haja ya kuzipinga. Zimewalinda ndege wengi dhidi ya manati za watoto kuliko ambavyo sheria ingeweza. Wengine huongeza kwamba mlango wa kiota daima huupa mgongo upepo mbaya. Zungukia nguzo chache tu za ua uone: mmoja umetazama huku, mwingine kule.

Kuna hadithi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni ya Waguarani, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Kijana alitaka kuoa, na baba wa binti akamtaka athibitishe uanaume wake kwa kufunga siku 9 akiwa amefungwa ndani ya ngozi ya mnyama. Siku zilipotimia na ngozi ikafunguliwa, kijana akageuka ndege na kuruka zake. Binti naye akageuka ndege, akamfuata. Ni mila ya posa, ya mkwe mgumu na kijana mvumilivu, na mwisho wake wawili wanapata nyumba yao wenyewe.

Ya pili ni ya mashambani Brazili. Husimuliwa kwamba João-de-barro akimfumania mkewe ametoka nje ya ndoa, humziba ndani ya kiota kwa tope mpaka afe. Watu wazima huisimulia wakicheka, na wapo wanaoapa kwamba wamekiona kiota kilichozibwa. Wivu huo ni wa wasimuliaji, na ndege amesingiziwa. Dume na jike hukaa pamoja mwaka mzima, huatamia kwa zamu, hulisha makinda pamoja na kulinda eneo lao pamoja. Wanapoimba husimama wima bega kwa bega, shingo wameinyoosha, mbawa zinatetemeka. Dume hupiga kwa kasi, jike kwa mwendo wa taratibu zaidi, na sauti mbili zinafungana kiasi kwamba asiyezizoea hudhani ni ndege mmoja.

Ukoo wake ni mkubwa, una aina zaidi ya 300, zote za bara la Amerika, kuanzia Meksiko hadi ncha ya kusini. Si wote wajenzi wa udongo. Wapo wanaorundika vijiti vya miiba mpaka tawi linainama. Wapo wapanda magogo wa misituni, ambao huegemea mkia mgumu wakikwea shina. Baadhi yao hufuata misafara ya siafu wa huko na kudaka wadudu wanaowakimbia. Wengine huchimba mashimo. Hao wachimbaji walimchekesha Charles Darwin alipokuwa Bahía Blanca, Argentina, mwaka 1833: walitoboa ukuta wa udongo wa ua wa nyumba aliyofikia wakidhani ni ukingo wa ardhi, wakatokea upande wa pili, wasijue kosa lao, wakaanza tena. Mwenye nyumba alilalamika sana.

Heshima ya kitaifa ameipata hornero peke yake. Mwaka 1928 gazeti la La Razón la Buenos Aires liliwauliza watoto wa shule ndege gani awe wa taifa la Argentina, nao wakamchagua huyu wa nguzo ya ua, wakawaacha tai na kondori wa milimani. Sijui taifa lingine ambalo watoto wake walipiga kura yenye busara hivyo. Mwaka 2017 akawekwa kwenye noti ya peso 1,000, ambayo wakati huo ilizidi thamani ya dola 50 za Marekani. Mfumuko wa bei ukaitafuna, na kufikia 2024 ilikuwa na thamani ya takriban dola moja.

Kiota akishakitumia msimu mmoja, mara nyingi hujenga kingine, na cha zamani hurithiwa na mbayuwayu, shomoro na ndege wengine wasiojua kukandika. Hakuna kodi. Ugomvi mkubwa alio nao leo ni na kampuni za umeme, kwa kuwa nguzo zao ndizo ndefu kuliko zote Pampa, na tope bichi juu ya nyaya huleta hitilafu. Mafundi hupanda na kubomoa. Mvua ikinyesha, wenye nyumba mara nyingi huanza upya palepale.