Chuma Kilichofuliwa Bila Moto

Mhunzi tunayemfahamu huanza na makaa na mivukuto. Wainuit wa kaskazini-magharibi mwa Greenland hawakuwa na misitu ya kuchoma makaa, wala hawakuyeyusha mawe ya chuma. Hata hivyo, nahodha Mwingereza John Ross alipokutana nao mwaka 1818, aliwakuta na visu vyenye makali ya chuma.

Chuma chenyewe kilianguka kutoka angani. Karibu na Cape York kulikuwa na mapande ya kimondo cha chuma kilichochanganyika na nikeli, kama kile cha Mbozi, mkoani Songwe. Mafundi walikigonga kwa mawe magumu ya basalti yaliyoletwa kutoka kwingine, mpaka kibanzi king'oke. Kibanzi hicho kidogo kilifuliwa kikiwa baridi, pigo baada ya pigo, hadi kikawa bapa jembamba. Kisha fundi alichimba mfuo kwenye ukingo wa mfupa au jino la walrasi, akapachika vibanzi kadhaa vikifuatana, vikabana na kuwa makali mamoja. Kugongwa huko kulikiongezea chuma ugumu, kwa hiyo kukosa moto hakukuwa kikwazo kikubwa. Mawe ya kugongea yaliyochakaa yamebaki marundo pale pale, ushahidi wa kazi ya karne nyingi.

Kwingine Wainuit walitumia kilichokuwapo. Kaskazini mwa Kanada, pande za Coronation Gulf, waliokota shaba na kuifua. Mahali pengi jiwe la sleti lilisuguliwa juu ya jiwe jingine hadi likakata. Miongoni mwa zana hizo imo ulu, kisu cha wanawake: bapa la nusu duara, mpini ukikaa juu yake katikati. Nguvu ya kiganja hushuka moja kwa moja kwenye makali, na kisu hicho kimoja huchuna sili, hukata nyama na huparua mafuta kwenye ngozi. Sijui kisu cha jikoni kilichofikiriwa vizuri zaidi. Misumeno ya chuma cha pua ilipowafikia, waliikata wakaifanya ulu, umbo lisibadilike.

Mwaka 1894 mwenyeji mmoja alimpeleka mpelelezi Mmarekani Robert Peary penye kimondo kile cha Cape York. Kufikia 1897 Peary alikuwa amekwisha kuchukua mapande matatu, kubwa kuliko yote likiwa na tani zipatazo 31. Yaliuzwa kwa American Museum of Natural History, New York, kwa dola 40,000, na fedha zikaenda kwa familia yake. Ni kweli kwamba wakati huo wenyeji walikuwa wakipata chuma kwa wafanyabiashara wa melini. Hilo halibadilishi kitu. Yale yalikuwa machimbo yao, na hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kuyauza.