Masharti ya kupewa dawa za kupunguza uzito

Masharti ya kupewa dawa za kupunguza uzito ni vigezo vya kitabibu ambavyo daktari huvitumia kuamua kama mtu mwenye uzito uliozidi au kiribatumbo anafaa kuandikiwa dawa hizo. Kigezo kikuu ni BMI, yaani uzito kwa kilogramu ukigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita. Makala hii inaeleza vigezo hivyo kwa mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Unene katika historia ya Karagwe

Wilaya hizo mbili (Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012) zilikuwa sehemu ya ufalme wa Karagwe. Mwingereza John Hanning Speke alifika katika ikulu ya mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861. Alikuta wanawake wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe, kwa kuwa unene ulikuwa dalili ya heshima na ya wingi wa ng'ombe. Ilikuwa desturi ya wakubwa wenye mifugo. Mkulima wa kawaida hakuwa na maziwa ya kiasi hicho.

Speke alimpima shemeji mmoja wa mfalme ambaye hakuweza kusimama wima. Mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi, kifua 132 na paja 79. Hakuandika uzito, na alikiri kwamba kipimo cha urefu hakikuwa sahihi. Kwa hiyo mtu aliyepimwa unene mapema kuliko wengi Afrika Mashariki hawezi kukokotolewa BMI.

Vigezo vya BMI

Hesabu yenyewe ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet mwaka 1832. Nchini Marekani dawa hizi huandikwa kwa mtu mwenye BMI ya 30 au zaidi, au 27 au zaidi ikiwa pia ana ugonjwa unaohusiana na uzito, kama vile shinikizo la damu au kisukari cha aina ya 2. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia 27 akiwa na kilo 69 hivi, na 30 akiwa na kilo 77 hivi. Mwanamke wa Kayanga mwenye kilo 72 na urefu huo, asiye na ugonjwa wowote, hafikii sharti. Jirani yake mwenye kilo hizohizo na shinikizo la damu anafikia. Wanaweza kuonekana sawa kabisa kwa macho.

Uingereza ina masharti makali zaidi kwa semaglutaidi, lakini hushusha kila kiwango kwa 2.5 kwa watu wenye asili ya Afrika au Asia, kwa sababu madhara ya uzito huwaanza mapema. Msomaji wa Kagera anayesoma viwango vya Ulaya asisahau jambo hilo.

Wasiofaa

Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi. Semaglutaidi na tirzepataidi hazipewi mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amepata saratani ya tezi dundumio ya aina ya medula. Aliyewahi kuvimba kongosho huchunguzwa kwanza. Orlistati haifai kwa mwenye tatizo la kudumu la kufyonza chakula.

Mtu aliyeanza kukonda bila sababu hahitaji dawa hizi hata kama bado ni mnene. Anahitaji kupimwa kifua kikuu, kisukari na VVU. Kagera inalijua hilo: wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983. Tangu hapo kukonda kumebeba shaka, na mtu anayepungua kwa dawa anaweza kusemwa vibaya na majirani.

Kupata dawa na kuendelea nayo

Hizi ni dawa za cheti cha daktari. Duka la dawa muhimu, ambalo ndilo la kawaida vijijini, huruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya dawa za cheti. Zahanati inaweza kupima uzito, urefu na shinikizo la damu. Uamuzi hufanywa na daktari hospitalini, kwa mfano Nyakahanga wilayani Karagwe, na bingwa hupatikana Bugando, Mwanza.

Sharti lisiloandikwa kwenye kadi ni uwezo wa kuendelea. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito katika wiki 68, pamoja na lishe na mazoezi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Sindano ambayo haijaanza kutumika huhitaji pia jokofu la nyuzi 2 hadi 8, jambo gumu mahali umeme unapokatika.

Chai na vidonge vya "asili" vya kupunguza tumbo haviulizi BMI ya mtu. Katika nchi mbalimbali baadhi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Nchini Tanzania usajili wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).