Kompyuta ya Kupelekwa Busunzu



Katika barua zilizofika ofisini tangu msimu kumalizika iko moja ambayo tumeona yafaa jibu lake lisomwe na wote, maana swali lililomo si la mtu mmoja. Mwanachama mwenzetu wa Pemba ana binti yake aliyeolewa na mwalimu, nao wanakaa Busunzu, huko nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo. Binti amemwomba baba yake kompyuta ya kupakata, au laptopu kama wasemavyo vijana, kwa kazi za nyumbani: kuweka hesabu za kikundi cha kina mama wanaolima maharage na kuweka akiba, mume kutayarisha masomo yake, na watoto kujisomea. Mzee ametenga fedha katika mauzo ya karafuu zake, naye atuuliza anunue ipi. Ametwambia wazi kuwa fedha hizo hazitapatikana tena mpaka mavuno mengine, na sisi sote twajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka.

Basi jambo la kwanza tulilomjibu ni kuwa asianze kutazama duka. Aanze kutazama njia. Kutoka Pemba kitu hicho kitapanda meli, kifike Dar es Salaam, kisha kipande basi kwa safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kikifika kule kikaharibika, hakirudi dukani. Nauli ya kukirudisha na siku za kusubiri zitakula faida yote ya bei nafuu. Kwa hivyo kompyuta ya kwenda Busunzu si lazima iwe nzuri kwa sura, bali iwe ya aina ambayo fundi yeyote wa Kibondo au Kasulu ameizoea, na vipuri vyake vyapatikana kwa kuagizwa na basi.

Wazee walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Wengi wetu tukiwa na laki sita mkononi twakimbilia laptopu mpya iliyo katika boksi, yenye nailoni bado juu ya kioo. Mwanachama mmoja wa Unguja alifanya hivyo kwa ajili ya mwanawe aliyeingia chuo. Mashine ilikuwa nyembamba na nyepesi, lakini haikupita miezi minane ikawa yaganda kila ikifunguliwa. Alipompelekea fundi aiongezee nguvu, fundi alimwonyesha kuwa kumbukumbu yake na ghala lake vyote vimegandishwa juu ya ubao, havitoki wala haviongezwi. Ghala lenyewe lilikuwa GB 64 tu, nayo Windows peke yake ilikuwa imekwisha kulijaza. Duka halikuwa na la kumwambia ila anunue nyengine.

Mashine za namna hiyo hutengenezwa ziuzwe kwa bei ya chini, na upungufu wa bei hutolewa ndani, mahali ambapo mnunuzi haoni. Ni sawa na gunia la karafuu lililopangwa nzuri juu na zilizochacha chini. Sisi tuliokwisha simama mbele ya mizani ya shirika twajua kuwa mkono huingizwa mpaka katikati ya gunia.

Shauri letu kwa mzee lilikuwa anunue laptopu ya ofisi iliyokwisha tumika. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hununua mashine kwa maelfu, huzitumia miaka mitatu minne, kisha huziuza zote kwa pamoja, nazo huishia katika maduka kama yale ya Kariakoo. Majina yake ni matatu yanayofaa kukumbukwa: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook. Hizi ziliundwa zifanye kazi mchana kutwa na zifunguliwe na mafundi, kwa hivyo bisibisi hufika kila mahali, na kibodi, betri na feni zake ni vitu vinavyouzwa peke yake. Bei yake hutofautiana kwa kadiri ya umri na ulaini wa ulimi wa mnunuzi.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10 bure kwa watu wote, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za zamani. Kwa prosesa za Intel Core mpaka uwekwe kwenye kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017, au baada yake. Kizazi husomwa katika namba ya prosesa, si katika maneno ya muuzaji. Namba ikiwa i5-8250U, tarakimu ya mwanzo baada ya kistari ni 8, basi ni kizazi cha nane. Ikiwa i5-7300U ni cha saba, haifai kwa Windows 11. Ikiwa i5-10210U ni cha kumi. Muuzaji akikwambia “hii ni Core i7, ina nguvu kuliko i5,” mwulize namba yote, kwani i7 ya mwaka 2013 yashindwa na i5 ya mwaka 2018. Tumesikia watu waliolipa zaidi kwa sababu ya hiyo saba tu.

ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 5490 ni za mwaka 2018, na nyingi zina kizazi hicho cha nane, ingawa namba itazamwe vilevile. Sisi tulimwelekeza mzee kwenye T480 akiipata iliyo nzima. Sababu yetu ni betri: ina mbili, moja ndani na moja nje inayochomolewa kwa mkono, na ile ya nje yaweza kubadilishwa na mtu yeyote bila fundi. Kwa mtu wa Busunzu hilo si jambo dogo.

Kumbukumbu, yaani RAM, isipungue GB 8. Ghala liwe SSD, isiwe diski ya zamani inayozunguka. Diski ya kuzunguka ina sindano inayoelea juu ya sahani, na mtikisiko wa barabara wakati mashine inafanya kazi waweza kuikwaruza. SSD haina kitu kinachojongea ndani. Tena SSD huiamsha kompyuta kuukuu kwa namna ambayo mtu hudhani imebadilishwa yote. Ikiwa fedha ni chache, ni bora SSD ya GB 256 na RAM ya GB 8 katika mashine yenye mikwaruzo, kuliko mashine inayong'aa yenye diski ya kuzunguka.

Sasa juu ya kuichagua yenyewe dukani. Mzee hawezi kwenda, atamtuma mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, nasi tumemwandikia mpwa huyo mambo haya. Asifike jioni duka linapofungwa. Aiwashe, kisha achomoe chaja na kukaa nayo nusu saa huku ikicheza picha za video. Betri iliyokufa itajitangaza yenyewe. Kisha afungue lile dirisha jeusi la amri na kuandika powercfg /batteryreport, na Windows itamtengenezea ukurasa wenye namba mbili, moja ya betri ilivyotoka kiwandani na moja ya inavyojaa leo. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, bei na ipunguzwe kwa thamani ya betri, au aende duka la pili.

Kisha kufuli. Mashine za makampuni baadhi huuzwa zikiwa bado zimesajiliwa kwa wenyewe. Siku utakapoifuta na kuianza upya ikiwa na mtandao, hutokea jina la kampuni ya ng'ambo ikikutaka neno la siri ambalo hulijui wala muuzaji halijui. Kwa hivyo kijana aombe ifutwe na kuanzishwa upya mbele yake, ikiwa imeunganishwa na simu yake. Azime pia na kuingia katika ile BIOS, aone kama nayo haidai neno la siri. Muuzaji mwaminifu hakasirikii hayo. Akikasirika, kijana amwage kwa heri.

Mengine ni ya kawaida: kubonyeza kila herufi, kuchomeka flashi katika kila tundu, kufungua na kufunga kioo aone kama bawaba hazikulegea, kuweka ukurasa mweupe na kutazama madoa. Chaja nayo asomee maandishi yake madogo. Iandikwe 100–240V, na nguvu isiwe pungufu ya ile mashine inayotaka, ambayo kwa hizi huwa mara nyingi wati 65. Chaja ya kuazimwa, yenye nguvu ndogo, huijaza betri polepole na yenyewe ikachemka.

Juu ya umeme twataka kusema zaidi kidogo, kwani hili sisi wa visiwani tunalielewa kwa kulionja. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa chini ya bahari ulipoharibika, na Pemba ilikuwa ya majenereta mpaka ilipopata waya wake kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010. Kibondo na Kasulu nazo zilitegemea mitambo ya dizeli miaka mingi, zikaunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Lakini gridi kufika wilayani si sawa na umeme kufika kila nyumba, wala kukaa bila kukatika. Laptopu ina ubora wake hapo, kwani yatumia umeme mdogo kuliko kompyuta ya mezani, na umeme ukikatika kazi haipotei. Wenye sola wanaweza kuichaji mchana jua likiwa kali na kuitumia usiku. Mvua za kule huja na radi, basi mawingu yakikusanyika chaja na ichomolewe ukutani. Stabilaiza husaidia umeme unaopanda na kushuka, lakini haizuii radi.

Mzee aliuliza pia kama kishikwambi hakitoshi, maana mkwe wake anacho. Ni kweli kuwa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, navyo vyafaa kusomea na kuonyesha picha darasani. Lakini mtu aliyepata kujaza jedwali la hesabu za watu thelathini kwa kidole juu ya kioo kidogo hatauliza tena. Hesabu za akiba za watu zataka kibodi, na zataka nakala: moja ndani ya kompyuta, moja katika flashi iliyofungiwa kabatini kwa mweka hazina. Flashi hiyo isipelekwe kwenye duka la kuchapisha karatasi, kwani hurudi na virusi. Ya kuchapishia iwe nyengine.

Kuhusu programu, asinunue wala asikubali kutiwa Windows au Office iliyovunjwa kufuli. Wauzaji huitoa kama zawadi, nayo yaweza kuwa mlango wa wezi. Laptopu hizi nyingi zilitoka na Windows yake halali, inayojirudisha yenyewe. LibreOffice ni ya bure nayo yatosha kwa barua na hesabu, na ulinzi wa virusi umo tayari ndani ya Windows. Akiunganisha intaneti kwa simu, aingie katika mipangilio na kuuandika mtandao huo kuwa ni wa kupimwa, yaani wenye bando, ama sivyo Windows itapakua mambo yake usiku na asubuhi akute bando limekwisha.

Wako wanachama wenye laptopu za kizazi cha saba na nyuma yake, ambao baada ya Oktoba 2025 waliambiwa na watu kuwa ni takataka. Si takataka. Zaweza kutiwa Linux Mint, ambayo ni ya bure na hupata matengenezo yake kama kawaida, na kwa kuandika, hesabu na intaneti hazipungukiwi na kitu, ila mtu ataka siku chache kuizoea. Wanaotaka waje ofisini Jumamosi yoyote asubuhi, waje na chaja, na kabla ya kuja wahamishe picha na barua zao katika flashi, kwa sababu kazi hiyo hufuta kila kilichomo. Flashi yenye Mint ipo ofisini, na kijana wetu wa mahesabu amekwisha kuifanya kazi hiyo kwa mashine ya ofisi hii hii ambayo makala haya yameandikwa kwayo.